Mama, sitagliptini ya Tanga ndiyo hiyo hiyo ya Houston

Kila nikipanga kurudi nyumbani, mama hakosi agizo lake: "Mwanangu, niletee ile dawa ya sukari ya huko Marekani, hizi za Kihindi sina imani nazo." Mimi na yeye sote tuna kisukari aina ya 2, na sote tunameza sitagliptini. Yangu huku Houston inaitwa Januvia. Yake, anayonunua famasi pale Tanga, imetengenezwa India.

Mwaka juzi nilimpelekea. Nilibana maboksi mawili ya kwangu, nikajiona mtoto mwema. Aliporudi kliniki, daktari akamuuliza mbona anameza miligramu 100 wakati aliandikiwa 50, maana figo zake zimeanza kuchoka. Dada aliponieleza kwenye simu nilikosa la kusema.

Tangu siku hiyo nasema wazi, na wenzangu wa ughaibuni mnisamehe: tuache kuwaaminisha wazee wetu kwamba dawa nzuri ni ile iliyopanda ndege. Kinachotibu ni sitagliptini, si boksi. Januvia iliruhusiwa Marekani 2006. India hataza yake, yaani haki ya kampuni moja tu kuitengeneza, iliisha 2022, viwanda vingi vikaanza kuitengeneza na bei ikaporomoka. Huku, mwaka 2023, bei iliyotangazwa ya vidonge vya mwezi mmoja ilikuwa dola 527! Mpaka serikali ikakaa na kampuni kujadiliana, ndipo Medicare, bima ya wazee, ikapata bei ya dola 113 kuanzia Januari 2026. Mimi umri wa Medicare bado. Nilipobadilisha kazi nikakaa miezi miwili bila bima, nilikuwa nameza leo, kesho naruka, huku mama wa Tanga akimeza chake kila asubuhi bila kukosa.

Sisemi nyumbani mambo yamenyooka. Dawa zisizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, zipo mitaani, na hofu ya mama imetokea huko. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kununua kwenye famasi inayoaminika, si begi langu. Kinachomkwamisha mama ni vipimo. Vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu humwishia katikati ya mwezi, basi anabaki kukisia sukari kwa jinsi mwili unavyomwambia. HbA1c, kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, alikuwa hajapima kwa zaidi ya mwaka. Mimi napimwa kila baada ya miezi 3, bima inalipa. Hapo ndipo ninapomzidi mama, na hapo ndipo pesa yetu inapotakiwa kwenda.

Safari hii nimemwomba dada anitumie picha ya mashine yake, maana kila mashine ina vijikaratasi vyake, nikanunua maboksi manne. Pesa ya HbA1c na ya kipimo cha figo nimeshaituma kwa M-Pesa. Jana mama kapiga simu, kashukuru, kaniombea dua ndefu, halafu akauliza: "Na dawa je, umeweka?"