Mantiki sio ya kushindia mabishano

Kuna watu wakisikia mtu anasoma mantiki, ile yenye alama na majedwali ya kweli na si kweli, wanadhani anajiandaa kwenda kubishana. Na kusema ukweli wengine ndo nia yao, wanakariri majina ya makosa ya hoja halafu wanashinda mitandaoni wakiyarusha kwa kila anayewapinga. Mimi naona faida iko kwingine, iko kwenye kajisentensi kadogo tu: ikiwa hivi, basi vile.

Chukua jaribio la Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, la mwaka 1966. Kadi nne ziko mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, unachoona ni A, D, 4 na 7. Kanuni inasema kadi yenye irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ni zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imevunjwa? Jaribu kwanza usichungulie huku chini.

Wengi husema A na 4. A sawa, ila 4 ya nini? Kanuni haijasema namba shufwa lazima iwe na irabu nyuma yake, kwa hiyo utakachokikuta huko hakivunji chochote. Ya kugeuza ni 7, maana ikiwa na irabu nyuma basi kanuni imekwisha. Wanaopata hawafiki hata asilimia 10.

Halafu 1982 wanasaikolojia Griggs na Cox wakaja na swali lilelile ila la bia, kila kadi ni mtu, upande mmoja kinywaji chake na upande wa pili umri wake: anayekunywa bia lazima awe amezidi miaka 19. Hapo wengi wakapatia bila shida, unamcheki mnywa bia na unamcheki wa miaka 16, mwenye soda na wa miaka 22 unaachana nao. Kwa hiyo sio kwamba watu ni wajinga, ila akili ikikosa mtu wa kumshuku inazubaa.

Sasa angalia wale wanaosema "kila anayejituma anafanikiwa". Ushahidi wao nini? Wanamtafuta tajiri wanamuuliza ulijituma, anasema ndio sana, watu makofi. Hiyo ni kugeuza 4! Wa kuulizwa ni yule aliyefeli, kama naye alijituma kanuni imekufa, ila nani anamwalika aliyefeli jukwaani? Na wanaopinga nao utawasikia "mbona fulani kafanikiwa bila jasho", nayo haivunji kitu, kanuni haikusema kujituma ndo njia pekee.

Hata yale ya "angenichukia asingejibu meseji, na kweli hajajibu, basi ananichukia" ni ugonjwa huohuo. Simu inaweza kuwa imezima tu jamani.

Ila usibebe kila kitu cha kitabuni ukakipeleka kwenye maongezi. Kwenye jedwali, "ikiwa 2 ni kubwa kuliko 5 basi mimi ni rais" inahesabika kweli, eti kwa sababu sehemu ya kwanza ni uongo. Inasaidia kwenye hesabu, kwa watu utaonekana chizi. Na mantiki haikwambii kama kanuni uliyoanza nayo ni ya kweli, hilo utalitafuta mwenyewe.

Kwa anayeanza, ningesema aachane kwanza na majina ya makosa, akae na "ikiwa" na namna ya kukanusha "wote", maana kinyume cha "wote wamekuja" ni kwamba yupo angalau mmoja ambaye hajaja, na sio kwamba hakuja mtu.