Mbuzi wa Udhiya Ghorofa ya Tatu

Mama mkwe alipokwenda Hija alituachia maua yake yote, na maagizo mengi kuliko aliyomwachia mumewe. Hili maji mara moja kwa wiki, lile lisipigwe na jua, na lile kubwa, la majani mapana yenye madoa meupe, lisiguswe kabisa. Sisi tukadhani ni wivu tu. Tukayapanga roshanini, na kila jioni akawa anapiga simu ya video kutoka Makka kuyajulia hali. Hali zetu sisi hakuwahi kuziuliza.

Mwaka huo mwezi wetu na wa Saudia ulikwenda sawa, jambo ambalo halitokei kila mara. Siku mbili kabla ya Eid, mimi na shemeji tukaenda mnadani Pugu kutafuta mbuzi wa udhiya. Muuzaji akamfunua mdomo beberu mmoja, akatuonyesha meno mawili makubwa ya mbele: huyu ameshavuka mwaka. Shemeji, mtoto wa mjini anayemjua mbuzi kupitia mishikaki, akachungulia.

"Mbona juu hana jino hata moja? Anatuuzia babu huyu!"

Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Mbuzi hana meno ya mbele kwenye taya la juu, hakuna mbuzi aliye nayo, ndivyo walivyoumbwa. Bei tuliyotajiwa baada ya hapo ilikuwa ya watu wasiojua mbuzi.

Kumfunga uani hatukuthubutu, maana mwaka uliotangulia jirani aliamka akakuta kamba peke yake. Kwa hiyo beberu akapandishwa kwetu. Ngazi alizimaliza kabla yangu. Tukamfunga roshanini, maua tukayapandisha juu ya meza, na roho zetu zikatulia. Mnyama anayeparamia vichuguu, sisi tunamfichia majani juu ya meza ya plastiki.

Kesho yake, siku ya Arafa, nyumba nzima tumefunga. Alasiri nikasikia mkwaruzo. Nikafungua mlango: beberu anachuruzika udenda mpaka sakafuni, ulimi nje, anatikisa kichwa, akitaka kulia sauti haitoki. Jirani wa mkono wa kulia akachungulia.

"Kichaa cha mbwa hicho!"

Sijawahi kuona jengo likimwaga watu vile. Shemeji alikuwa ameshajifungia chooni, akitoa maelekezo kutoka humo.

Mke wangu akampigia sheikh, maana udhiya haufai kwa mnyama mwenye chongo la wazi, kiguru, mgonjwa dhahiri au aliyekonda kupita kiasi.

"Anatokwa udenda, sheikh."

"Wa ugonjwa au wa njaa? Maana hata mimi nimefunga." Kisha akatupa moyo: asipopona kesho tungoje, kuchinja ruksa mpaka jua la tarehe 13 Mfungo Tatu litakapozama.

Bwana mifugo alipofika hakumtazama mbuzi. Alitazama sakafu, akaokota kipande cha jani chenye madoa meupe. "Difenbakia," akasema. Akatueleza kwamba ndani ya majani yake mna chembe ngumu, nyembamba mithili ya sindano, zisizoonekana kwa macho, nazo huchoma ulimi na koo la anayetafuna, awe mbuzi au mtoto. "Bahati yenu, linauma mapema, hakuweza kula mengi. Mwosheni kinywa kwa maji."

Ni rahisi kusema. Mimi nilishika pembe, mke wangu kata na ndoo, shemeji komeo la choo. Maji mengi niliyanywa mimi kupitia kanzu.

Tukiwa katika hali hiyo simu ikalia. Mama mkwe, yuko Arafa. Shemeji akatoka kuipokea, na badala ya kumwelekezea ukuta akamwelekezea roshani. Mama akaona kishina cha ua lake, kisha akaona midomo ya mbuzi. Akanyamaza kitambo.

"Nimehirimia," akasema taratibu. "Katika Hija hakuna kugombana." Akakata.

Siku ya Eid, kama saa sita mchana, akapiga tena. Kabla hata sijamaliza salamu nilijua kwamba kule ameshapunguza nywele na kutoka katika ihramu. Jinsi alivyozungumza, simu niliishika mbali na sikio, na beberu naye akarudi nyuma mpaka ukutani.

Mbuzi alipona, tukamchinja Eid ya pili. Mama mkwe aliporudi alidai paja zima, kwa hoja kwamba fungu la jamaa ni lake na marehemu alilelewa kwa ua lake. Vipande vya shina alivikata akavipanda kwenye makopo, vyote vikachipua, na sasa anayo mengi kuliko mwanzo. Asante hatujapata.

Mwaka huu shemeji kaja na wazo. Ng'ombe mmoja, anasema, wanashirikiana watu saba, gharama inakuwa ndogo.

Mke wangu akamtazama sana. "Na atalala kwa nani?"