Hao mbwa mnaowaita wa mtaani wana kwao

Kila baada ya muda hapa Arusha linarudi lile lile, mbwa wamezidi, mbwa wamemkimbiza bodaboda alfajiri kule Moshono, mbwa kamng'ata mtoto wa watu anaenda shule, na kwenye grupu la mtaa wanaanza kusema halmashauri waje wapige risasi au watege sumu tumalizane nao. Mimi hapo ndo huwa natofautiana na majirani zangu, na nimeamua niandike huku kwa urefu maana kule grupuni ukizidisha mistari mitatu mtu anakujibu kwa stika.

Wale mbwa sio wa mtaani. Wengi wao wana mwenyewe, wana jina, na sahani yao ya ugali iko uani kwa mtu. Kama unabisha amka saa kumi na moja alfajiri ukae barazani na chai yako, utaona lile kundi lililobweka usiku kucha linaanza kukatika, mmoja anapenya chini ya geti la bati, mwingine anapita kwenye michongoma, mwingine analala mbele ya duka anamsubiri mama afungue, na yule mwekundu mwenye sikio lililochanika anaingia kwa mzee mmoja ambaye jana yake ndo alikuwa wa kwanza kuandika mbwa koko wauawe. Yani sisi wenyewe tunawafungulia saa nne usiku eti walinde, geti lina upenyo wa kupita ndama, halafu asubuhi tunaulizana hawa mbwa wametoka wapi.

Sasa hiyo habari ya kuua. Shirika la Afya Duniani limesema miaka nenda miaka rudi kwamba kuua mbwa hakumalizi kichaa cha mbwa, na sababu yake haihitaji shahada. Anayewahi kula sumu ni yule mpole aliyezoea watu, na mara nyingi ndo huyo huyo aliyepata chanjo kwenye kampeni iliyopita kwa sababu alikubali kushikwa. Na wewe uliyeuliwa mbwa wako utafanya nini, si utatafuta kitoto kingine wiki hiyo hiyo maana wezi hawajaenda likizo, na hicho kitoto hakina chanjo yoyote. Wataalamu wanasema eneo likichanja asilimia 70 ya mbwa wake na kuendelea kurudia, virusi vinakosa pa kwenda, sasa ukiua waliochanjwa ukaingiza wasiochanjwa umeishusha hiyo asilimia mwenyewe tena kwa hela ya serikali. Majalala yako pale pale, mifupa ya nyama choma iko pale pale, wengine wanakuja. Wenzetu Pemba walichanja mpaka kichaa kikapotea kisiwani, kikaingia tena kutoka nje, wakarudi kuchanja kikaondoka tena. Hawakumaliza mbwa, walichanja mbwa.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni tunavyowafanya majike. Jike la mbwa linapanda joto karibu kila baada ya miezi sita au saba, linabeba mimba siku kama 63, linazaa watano, sita, wakati mwingine nane. Watoto wakifikisha wiki sita wanaanza kugawiwa, na hapo kila anayekuja anainua kitoto, anakigeuza tumbo juu anaangalia, dume anaondoka nalo, jike anarudisha chini. "Hili litanijazia mbwa." Wanabaki majike matatu manne, wanaingizwa kwenye kiroba, usiku wanaenda kumwagwa sokoni au jalalani au pembeni ya baipasi, wengi wanakufa, lakini atakayepona ni jike, na kabla mwaka haujaisha naye ana mimba. Yani tunachagua kwa mikono yetu kabisa, yule anayezaa ndo tunampeleka mtaani.

Na wakati dawa ya "litanijazia mbwa" ipo na haijifichi, ni kulifunga kizazi. Daktari wa mifugo anamlaza kwa dawa ya usingizi, anatoa vifuko vya mayai na mfuko wa uzazi, anashona, unarudi naye nyumbani siku hiyo hiyo mara nyingi, nyuzi zinatoka baada ya siku 10 mpaka 14 hivi. Dume ndo kazi rahisi zaidi, kuhasi ni operesheni ndogo. Bei zinatofautiana kati ya daktari na daktari kwahiyo uliza kwanza, na mashirika ya wanyama ya huku kaskazini huwa yanafanya bure au kwa bei ya kuchangia, fuatilia. Lakini naomba mtu asiniambie habari za yule fundi wa kijijini anayekuja na wembe, mbwa anafungwa mdomo kwa kamba na kazi inaanza bila ganzi. Huo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, haikutungwa kwa ajili ya mapambo.

Najua mtakachosema. Cha kwanza eti dume akihasiwa anakuwa bwege halindi. Jamani. Mbwa halindi kwa korodani, analinda kwa sababu hapo ni kwake na wewe ni wa kwake. Asiyelinda ni huyu wako mzima, ambaye jike likipanda joto mtaa wa tatu anaacha geti anaenda kukaa huko siku nne, anarudi ana vidonda, amekonda, na pengine amekuletea na ugonjwa. Nimeona foleni ya madume nje ya geti moja Kijenge, kumi na kitu, wamelala kwenye vumbi wanasubiri kama wako kituo cha daladala, na kila mmoja hapo ni mlinzi wa nyumba ya mtu ambayo usiku huo haikuwa na mlinzi.

Cha pili, "mwache azae kwanza mara moja ndo afungwe". Hii nayo tumerithishana tu, hakuna faida ya kiafya. Tena jike akifungwa kizazi kabla ya joto la pili hatari ya saratani ya matiti inapungua sana, na ule ugonjwa wa kujaa usaha kwenye mfuko wa uzazi haumpati tena. Huo usaha ndo unawaua majike watu wazima wengi bila mwenyewe kujua, wiki kadhaa baada ya joto mbwa anaanza kunywa maji kupita kiasi, anagoma kula, tumbo linajaa, unadhani amekula sumu ya jirani. Na wale mnaochoma sindano ya kuzuia mimba kwa sababu ni hela ndogo, hizo homoni ndo mojawapo ya vinavyoleta huo usaha na uvimbe wa matiti. Bwana mifugo akikuletea hiyo sindano muulize hilo swali usoni kwake.

Halafu kuna hili la mbwa anayetoka matone ya damu nyuma wiki baada ya wiki, mwenye mbwa anasema "huyu wangu joto haliishi". Mpeleke akaangaliwe. Kuna uvimbe wa sehemu za siri, umekaa kama koliflawa, wanaambukizana wakipandana, na kwa mbwa wanaozurura ni kawaida sana. Unatibika kwa sindano ya dawa ya saratani kila wiki kwa wiki kadhaa, sasa piga hesabu ya hizo sindano uweke pembeni ya bei ya kumfunga kizazi.

Chanjo sitaki kukaa sana ila kuna kosa moja linarudiwa na watu wenye hela kabisa. Mtu ananunua kitoto cha mbwa wa kizungu kwa laki kadhaa, kinaharisha damu, kinanuka, kinakufa ndani ya siku tatu, anasema amelogwa, mwezi unaofuata ananunua kingine anakileta uwanja ule ule na chenyewe kinakufa. Hiyo ni parvo. Virusi vyake vinakaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, sabuni ya kawaida haviogopi, sakafu inataka dawa ya kufulia yenye klorini (mnaita jiki), na kitoto kinatakiwa kianze chanjo wiki ya 6 mpaka ya 8, kirudie kila baada ya wiki tatu au nne mpaka kifike wiki ya 16. Sindano moja haitoshi, na kabla hujamaliza hizo usimzungushe mtaani. Ya kichaa anachomwa akifika miezi mitatu, halafu anarudia kama kadi inavyosema, na hiyo kadi uiweke mahali unapoweka hati za maana sio juu ya friji.

Minyoo nayo, sisi huku tumezungukwa na mabucha na machinjio, kwahiyo mbwa anatupiwa mapafu na maini mabichi, tena yale yenye maputo ya maji ndani ambayo mchinjaji ameyakataa. Hayo maputo ni minyoo. Mbwa akiyala anatoa mayai ya minyoo hiyo kwenye kinyesi, mtoto anacheza kwenye udongo, na miaka ya mbele binadamu anakutwa na puto lile lile kwenye ini lake. Kwa jamii za wafugaji huku kaskazini ugonjwa huu upo. Chemsha hayo matumbo mpaka yaive au yafukie, na dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Paka wanasahaulika kabisa kwenye haya mazungumzo, wakati paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu na anashika nyingine huku bado ananyonyesha. Chanjo ya kichaa na yeye anachomwa, kichaa hakichagui. Na tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe usimpake paka, nyingi zina viambato vinavyomtetemesha mpaka anakufa, na Panadol usimpe hata robo.

Turudi kwenye kampeni ya chanjo, ile ya bure inayokuja ofisi ya kata au uwanja wa shule. Ukienda utakuta wanaoleta mbwa ni watoto, wamewafunga kamba ya katani au kipande cha khanga, mbwa mwingine hajawahi kufungwa maishani mwake anajiburuza chini analia, paka wako kwenye viroba. Kazi kubwa wanaifanya hao watoto. Lakini yule dume mkali, ambaye ndo tunaogopa atang'ata watu, hayupo pale, kwa sababu hakuna mtu nyumbani anayeweza kumshika, hata baba mwenye nyumba anamtupia chakula kwa mbali. Kwahiyo mzoeshe kamba na kushikwa mdomo akiwa mdogo, hiyo nayo ni sehemu ya chanjo.

Na mtu aking'atwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, saa yenyewe uiangalie, usipake majivu wala pilipili, na siku hiyo hiyo hospitali ukaanze sindano. Mbwa kama yupo na ni mzima msimuue, afungwe aangaliwe siku 10, ila usisubiri hizo siku ndo uende hospitali. Kichaa kinaweza kukaa mwilini miezi miwili mitatu kimya, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Sindano zenyewe ni za kurudia rudia na nauli juu, familia ya mkulima kule juu Meru inaweza kuuza mbuzi kwa sababu ya mbwa mmoja ambaye chanjo yake ilikuwa bure.

Limebaki la nyumba za kupanga, ambalo najua litaniletea ugomvi. Uani kuna vyumba sita, mbwa mmoja, mwenye nyumba anakaa Moshi, wapangaji wote wanamlisha makombo, wote wanafurahi akibweka usiku, na ukiuliza kadi ya chanjo kila mtu anasema mbwa ni wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ukimpigia anasema mbwa mko naye nyie. Basi mwezi huu mkikaa kugawana hela ya luku na ya maji, mpige na hesabu ya kumfunga kizazi huyo mbwa, mgawanye kwa vyumba sita, na yule wa chumba cha mbele mwenye gari ndo ampeleke.