Shuka la mzimu si kutoboa matundu mawili tu

Kila Oktoba 31 ikikaribia huko Marekani, siku ya Halloween, ambapo watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba usiku wakiomba peremende, wazazi huambiwa vazi rahisi kuliko yote ni la mzimu: chukua shuka jeupe, toboa macho, basi. Inakera! Shuka lisiloshikizwa kichwani huteleza. Mtoto akigeuza shingo, matundu yanabaki yameelekea mbele, naye anavuka barabara usiku haoni kitu.

Dawa yake ni kofia. Chukua kapelo kuukuu, kata ile sehemu ya kukinga jua. Mvishe mtoto, mfunike shuka, kisha uweke alama za macho kwa penseli shuka likiwa kichwani, si mezani. Mvue ndipo ukate. Shona shuka kwenye kofia sehemu nne: juu ya paji, kisogoni, na juu ya kila sikio. Pini hufunguka zikachoma. Matundu yawe na upana wa sentimita 5 hivi. Madogo huziba asione pembeni. Bora zaidi, kata shuka ili uso mzima uachwe wazi, umpake rangi nyeupe ya ngozi.

Na urefu je? Pima akiwa amevaa viatu na koti, maana Chicago mwezi huo usiku ni baridi, na koti hupandisha shuka. Liishie juu ya vifundo vya miguu, la sivyo atalikanyaga ngazini. Tena ngazi hizohizo za nyumba ndizo zenye mapambo ya maboga yaliyochongwa na kuwashwa mishumaa ndani, na pindo linaloburuta hushika moto upesi. Bogani weka taa ya betri.