Barafu ya Hombolo, nasimulia mwenyewe

Sawa, najua dereva wetu ameshawasimulia safari yetu ya Hombolo, eti mgeni aling'oka jino na ndoo ilikuwa ya kuogea. Kwanza, hakuna jino la mgeni lililong'oka. Pili, ile ndoo haikuwa ya kuogea. Sasa msikieni mwenye aibu yake.

Juzi nilipelekwa Hombolo kumtafsiria mama mmoja wa Kiingereza aliyekuja kuongea na wakulima wa zabibu. Njiani akaniuliza kama kazi nitaiweza. Nikajibu kwa madaha, "piece of cake", yaani kazi nyepesi kama kula keki. Ndio msemo pekee niliokuwa nao, nikautoa wote pale pale. Msicheke bado.

Tukafika saa saba mchana. Jua la Oktoba, watu wa Dodoma mnalijua. Mgeni kaiva kama nyanya, jasho linamchuruzika. Wazee wametulia chini ya mbuyu, mikono juu ya fimbo, wanamtazama tu. Akanigeukia: "Let's break the ice first."

Mimi na akili zangu timamu nikawaza, maskini, joto limemzidi. Nikasimama. "Mbukwenyi!" nikawasalimu kwa Kigogo. "Mgeni anaomba, kabla ya yote, tuvunje barafu."

Kimya. Mwenyekiti akajikuna kidevu. "Barafu? Hapa?" Akamwita kijana wa bodaboda, wakanong'onezana, pikipiki ikaondoka na vumbi lake. Dakika 20 tunatazamana. Mgeni ananiuliza kwa macho, namjibu kwa kichwa: inakuja.

Ikaja. Ndoo ya lita 10, imejaa barafu za ubuyu, zile za kwenye nailoni, zimegandana bonge moja jekundu. Na mchi wa kinu. Mwenyekiti akaupokea mchi, akaupangusa kwa shati lake, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Vunja."

Jamani! Yule mama akaniangalia. Akaiangalia ndoo. Akaniangalia tena. Tone la ubuyu likadondoka juu ya kiatu chake cheupe, likatambaa taratibu hadi kwenye kamba. Nikaona midomo yake inacheza bila sauti, break... ice... na hapo ndipo nikahisi nimeharibu. Nilishachelewa. Mchi ulikuwa juu ya kichwa chake.

Akaponda! Bibi mmoja akapiga vigelegele, wazee wakaangua kicheko, kila mtu akanyoosha mkono apewe kipande. Mkutano ukaenda vizuri hadi jioni.

Kumbe maana yake ni kuondoa ule ukimya wa watu wasiojuana. Alinieleza tukirudi, ulimi mwekundu: kwenye baridi kali mito huganda, chombo hakipiti mpaka barafu ipasuliwe. Shakespeare aliutumia msemo huo zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mimi nimekutana nao Hombolo.

Halafu mgeni aliposema wakulima wengine "are sitting on the fence", yaani hawajaamua wako upande gani, nikamwomba babu mmoja ashuke kwenye uzio. Akashuka, kanuna. Hilo dereva hakuwaambia kwa sababu hakuliona. Alikuwa kainamia ndoo.