Ule Unga wa Kahawia Haukutoka Sikioni

Kuna video moja inayozunguka katika makundi ya WhatsApp ya jamaa zetu, Unguja na Pemba, na mimi imenifikia kupitia kwa shangazi, jirani, na mtu mwingine ambaye hata simfahamu. Ndani yake bwana mmoja aliyevaa glovu anaupasua kwa wembe mshumaa wa sikioni uliokwisha kutumika, yaani mrija wa kitambaa kilichopakwa nta unaochomekwa sikioni na kuwashwa juu ili, kwa madai yao, uvute taka, anaukunjua taratibu mbele ya kamera, na kuuonesha unga wa kahawia pamoja na mabonge ya manjano yaliyoganda ndani yake. "Haya yote yalikuwa kichwani mwa huyu mama," anasema, na mama mwenyewe yuko pembeni ameshika shavu, anamshukuru. Chini yake watu wameandika subhanallah, wameuliza bei, na wameuliza kama huduma hiyo inafika Chake Chake, kule Pemba.

Ghadhabu yangu haitokani na mshumaa, kwa kuwa watu wana haki ya kulala ubavu na kuwashiwa chochote wanachokitaka. Inatokana na kile kitendo cha kupasua na kuonesha, maana hicho ndicho kinachouza, na hicho ndicho cha uongo. Hakuna maneno ya daktari yatakayomshawishi mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake mwenyewe taka zilizotoka katika sikio lake mwenyewe. Basi niliamua kuzitazama taka hizo kwa karibu. Nilinunua pakiti ya mishumaa ile ile katika duka la dawa za asili mjini, nikachukua glasi safi iliyooshwa kwa sabuni, nikaifunika kwa kipande cha kadibodi chenye tundu, nikaichomeka ncha nyembamba ya mshumaa katika tundu hilo na kuuwasha upande wa juu, kama wanavyofanya wao. Uliwaka kwa utulivu, ukidondosha majivu ya kitambaa, na moshi mzito mweupe ukashuka chini na kujaa ndani ya glasi, jambo ambalo kwa yeyote anayeamini kwamba moto ule unavuta vitu kwenda juu lingepaswa kumtia shaka pale pale. Nilipouzima na kuupasua kile kipande kilichobaki, nilikuta unga wa kahawia na mabonge ya manjano, tena mengi kuliko ya yule mama. Kwa hesabu ya bwana wa video, glasi yangu ilikuwa mgonjwa mahututi.

Kilichomo mle ni mshumaa wenyewe: nta ya nyuki au parafini iliyopakwa kwenye kitambaa, ikayeyuka kwa joto, ikateremka ndani ya mrija na kuganda kabla haijafika nchani, ikichanganyika na masizi ya kitambaa kilichoungua nusu. Rangi yake inafanana na taka za sikio, na bahati hiyo ya rangi ndiyo mtaji wa biashara nzima. Atakayebisha asibishane nami. Anunue mshumaa, atafute glasi.

Wala si mimi niliyegundua. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ambao walipima mvuto wa mishumaa hii kwenye mfano wa tundu la sikio na hawakupata mvuto wowote. Kisha wakaijaribu kwenye masikio 8 ya watu, na hakuna hata sikio moja lililopungua taka, bali baadhi yaliongezewa nta ya mshumaa ambayo hayakuwa nayo. Katika utafiti huo huo waliwauliza madaktari 122 wa masikio, pua na koo, wakapata habari za majeraha 21, mengi yakiwa ya kuungua, mengine ya tundu kuzibwa na nta iliyodondoka, na moja la ngoma ya sikio kutoboka. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikawaonya wananchi wake waachane nayo. Ni vigumu kuelewa kwa nini bidhaa iliyokwisha kukataliwa huko itufikie sisi ikiwa imevikwa kilemba cha tiba ya asili.

Kuhusu madai kwamba mshumaa huu unatibu mafua, pua iliyoziba na sainasi, sina haja ya maneno mengi. Tundu la sikio lina urefu wa sentimita 2.5 hivi na mwisho wake ni ngoma, ambayo ikiwa nzima haipitishi kitu. Mrija unaounganisha sikio na pua uko upande wa pili wa ngoma hiyo. Anayedai kuvuta kamasi kupitia sikioni ama hajui anachokisema, ama anajua.

Linaloniudhi zaidi ni namna mshumaa huu unavyobebwa mgongoni na hijama, ile tiba ya kuumika damu. Ubao ule ule mlangoni, kitanda kile kile, na mteja anayekuja kwa ajili ya sunna iliyo na hadithi zake zinazojulikana anaondoka ameuziwa na kitu ambacho sijapata kumsikia mwanachuoni yeyote akikitaja. Huko Ulaya hadithi yao ni nyingine: waliwauzia watu kwa jina la Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, mpaka Wahopi wenyewe wakatoka hadharani na kusema kwamba hiyo si mila yao na jina lao liondolewe. Inaonekana kila mahali mshumaa huu unahitaji babu wa kuazima.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Watu wengi wanaotoka pale wanasema wamepata nafuu, na sidhani kwamba wanasema uongo. Mtu amelazwa kwenye chumba tulivu, amefunikwa kanga, ameulizwa habari za nyumbani, ameshughulikiwa nusu saa nzima na mtu asiyetazama saa. Wenzangu wanaofanya kazi katika vituo vya afya wanajua vizuri kwamba mgonjwa wa sikio mara nyingi haangaliwi hata sikio lenyewe. Anaandikiwa dawa kabla hajamaliza sentensi. Hilo ni kosa letu, lakini halikigeuzi kile kitambaa cha nta kuwa dawa.

Shangazi yangu wa Wete, aliyenitumia video hiyo, aliniuliza kwa simu, "Mwanangu, na mie n'ende?" Nilimwambia kwamba sikio hujisafisha lenyewe kwa kawaida, kwamba ile nta ya sikio lenyewe ni kinga wala si uchafu, na kwamba wengi wetu tunaoziba masikio tumeyaziba kwa pamba za vijiti zinazoishindilia ndani. Nikamwambia pia, na hapa alicheka, kwamba bibi yake alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko bwana wa video: mafuta ya uvuguvugu, matone machache kwa siku kadhaa, hulainisha nta hiyo, na ikigoma, hospitali wataitoa kwa maji ya vuguvugu yenye joto la mwili. Sharti ni kwamba sikio lisiwe linauma, halitoi usaha, na ngoma haijatoboka. Likiwa na lolote kati ya hayo, lisitiwe kitu mpaka liangaliwe.

Na hapa naomba tuache mzaha. Nimesikia kwamba sasa wanapelekwa watoto wanaotokwa na usaha masikioni, ili "wavutwe". Usaha ule ni maradhi, mara nyingi ngoma imekwisha kutoboka, na mtoto anayecheleweshwa wiki baada ya wiki anaweza kuupoteza usikivu wake, kisha skuli akaitwa mzito, mtukutu, asiyefuata maagizo. Mshumaa unaowaka juu ya kichwa cha mtoto asiyetulia ni hatari ambayo haihitaji utafiti wa mtu yeyote.

Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar hukagua maziwa, juisi na vipodozi madukani, na hushika kilichopitwa na wakati. Pakiti niliyoinunua haikuwa na jina la mtengenezaji, haikuwa na tarehe, na nyuma yake iliandikwa kwamba inatibu masikio, kichwa, usingizi na mafua. Ningependa mkaguzi mmoja aingie katika duka kama lile, aombe mshumaa na glasi, auwashe mbele ya muuzaji na wateja wake, kisha aupasue yeye mwenyewe.