Bond kupewa Villeneuve: mi naona wamepatia, ila sio kwa sababu inayosemwa

Tangu Amazon MGM watangaze Juni 2025 kwamba Denis Villeneuve ndo ataongoza muvi inayofuata ya James Bond, wapenzi wa muvi hapa Dodoma wamegawanyika na hamna upande unaotaka kumsikiliza mwenzake. Kuna wanaosema hatimaye Bond kapata dairekta wa maana, jamaa wa Arrival na Dune, yaani hata ukiangalia kazi zake kwenye simu yenye kioo kimepasuka unaona kabisa huyu mtu alikaa akafikiria. Alafu kuna wanaosema huyo atatulaza, Bond ni mbio, ngumi na magari, sio mtu kusimama jangwani anaangalia upepo. Mi nipo upande wa kwanza lakini sababu zangu ni tofauti na zao, na hao wa upande wa pili wana hoja nzito ambayo naona watu wanaipita haraka mno.

Hoja yenyewe ni hii. Bond haijawahi kumhitaji dairekta mwenye jina kubwa ili ifanye vizuri. Kuanzia Dr. No ya 1962 familia ya Broccoli na kampuni yao ya Eon walikuwa wanatafuta mafundi, watu wa kufanya kazi chini ya prodyuza bila kelele. John Glen kaongoza tano mfululizo, 1981 mpaka 1989, na kabla ya hapo alikuwa mhariri na msimamizi wa kikosi cha pili, kile kinachopiga sini za hatari wakati dairekta mkuu yuko na waigizaji sehemu nyingine. Steven Spielberg mwenyewe ameshasimulia kwamba aliomba kazi ya Bond akanyimwa. Na mara mbili ambazo Bond alikuwa anaanza upya kabisa, yaani GoldenEye ya 1995 baada ya kimya cha miaka sita, na Casino Royale ya 2006 ambapo watu walimkataa Daniel Craig kabla hata hawajamuona akicheza, zote kapewa Martin Campbell, mtu wa New Zealand aliyepikwa kwenye tamthilia za televisheni ya Uingereza. Zote mbili zilikubali. Na safari hii Bond anaanza upya tena, wakati Villeneuve anatangazwa hata steringi hajatangazwa, kwa hiyo mtu akikwambia hii ni kazi ya fundi na sio ya msanii usimcheke, historia iko upande wake.

Hebu kumbuka zile mbio za mwanzo za Casino Royale, stori inasema wako Madagaska. Yule mtengeneza mabomu anakimbia, anapanda kreni, anafika kwenye ukuta anajipenyeza kwenye upenyo mdogo kule juu bila kugusa kitu. Bond anayemfuata nyuma hana habari na upenyo, anaupita ukuta wenyewe, anauvunja kwa mwili. Hakuna aliyeongea neno lakini pale pale umeshamjua huyu Bond mpya ni mtu wa namna gani, ana nguvu, hana subira, na anaweza kuharibu. Hapo ndo dairekta anaonekana, na ni jambo ambalo tuzo hazimfundishi mtu.

Ila muvi hiyohiyo inawageuka wanaoitumia kumkataa Villeneuve, maana katikati pale ni karata. Watu wamekaa mezani wanaangaliana, muda mrefu kweli. Kuna siku iliwekwa kwenye kibanda umiza kimoja kule Chang'ombe, banda limejaa, wengi hawaijui poka hata kidogo, jirani yangu akawa anauliza kila mara "saa hizi nani anaongoza?" na hamna aliyenyanyuka kwenye benchi. Campbell alikuwa anajua wakati wa kukata, unaangalia karata kidogo, mara wanapigana kwenye ngazi mpaka mashati yamelowa damu, unarudi mezani, mara kuna sumu kwenye glasi. Kwa hiyo mi sikubali kwamba mtazamaji wetu hawezi kitu cha taratibu. Kinachomlaza ni taratibu isiyo na hatari ndani yake.

Na kwenye hilo Villeneuve anajua kuliko wengi. Aliyeangalia Dune peke yake akamhukumu namuomba akaangalie Sicario ya 2015. Kuna msafara wa magari meusi unavuka mpaka kwenda Juárez, Meksiko, kumchukua mfungwa, na wakati wa kurudi unakwama kwenye foleni pale mpakani. Sisi wa Dodoma tumezoea kusimamishwa barabarani msafara upite, sasa fikiria msafara wenyewe ndo umesimama, na kwenye gari la pembeni kuna watu wana bunduki na kila mtu keshawaona. Hamna anayepiga. Unasubiri mpaka mgongo unakuuma, alafu risasi zenyewe zinaisha ndani ya sekunde chache. Huo ni ujasusi. Mtu aliyetengeneza ile foleni anaweza kabisa kumuongoza 007.

Lakini kilichonifanya nikubaliane na uteuzi huu hata sio Sicario. Februari 2025 Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, ndugu wa ile familia ya Eon, waliachia mamlaka ya ubunifu, wakabaki wamiliki wenza tu, na maamuzi yakaenda kwa Amazon, waliomaliza kuinunua studio ya MGM mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.45. Miaka yote ile familia ndo ilikuwa inasema hapana. Waliposhindwana na dairekta Danny Boyle mwaka 2018 aliondoka, kazi ikaenda kwa Cary Fukunaga, na hamna mtu wa nje aliyeweza kuwalazimisha. Sasa hao hawapo mezani. Prodyuza wapya, Amy Pascal na David Heyman, ni watu wazoefu, Pascal alikuwa Sony wakati Sony wanasambaza Casino Royale na Skyfall, na Heyman kasimamia muvi zote za Harry Potter, lakini kampuni iliyolipa hela zote hizo itataka kuzirudisha. Siku watakapotaka Bond awe chanzo cha series tatu na muvi ya adui wake, nani atawakatalia? Fundi mtiifu hawezi, kazi yake anaihitaji. Villeneuve anaweza, maana wanamhitaji wao kuliko anavyowahitaji yeye. Alafu amesema mwenyewe kwamba Bond kaanza kuiangalia na baba yake toka zile za Sean Connery, kwa hiyo ana cha kulinda.

Wasiwasi wangu unaanzia hapohapo. Huyo anayeweza kuwakatalia wote, yeye nani atamkatalia? Blade Runner 2049 yake ilipita saa mbili na dakika arobaini, na No Time to Die, Bond ile ya Fukunaga, nayo vilevile, wote tunaijua ile sehemu ya katikati ilivyoburuza. Dairekta Sam Mendes ni mfano mzuri, alitokea kwenye jukwaa na drama, watu wakasema hivihivi atatulaza, akatoa Skyfall ya 2012 ikavuka dola bilioni 1. Mara ya pili kwenye Spectre akaachiwa zaidi na mi naona muvi ililegea. Ila watu wanasahau kwamba sini za hatari za Skyfall kikosi cha pili kilikuwa chini ya Alexander Witt, yuleyule wa Casino Royale. Msanii alikuwepo na fundi alikuwepo.

Kwa hiyo wakati watu wanabishana steringi awe nani, mi nataka kujua nani anapewa kikosi cha pili. Kwenye uhariri nisingegusa kitu, Joe Walker amekuwa na Villeneuve toka Sicario na anamjua. Huko kwingine aletwe mtu aliyelelewa kwenye Bond, apewe mbio na ngumi azipange, na hao prodyuza wawili wakomae muvi isizidi saa mbili na nusu hata kama dairekta atanuna.